Chumba Kimoja cha Mtae: Nani Alijenga Elimu Yetu?



Anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto, akaupita msitu wa Magamba, akaiacha Lukozi na soko lake la mboga, na kuendelea mpaka barabara inapofikia ukingo wa mlima, atakuwa amefika Mtae. Hapo nchi inakatika ghafla. Chini kabisa imetandaa nyika ya Mkomazi. Ng'ambo imesimama milima ya Upare. Na siku ambayo ukungu umekubali kuondoka, Kilimanjaro yenyewe huonekana kwa mbali. Wageni hufika kwa ajili ya mandhari hayo. Hupiga picha, hulitazama kanisa la kale la Kilutheri, kisha hugeuza. Leo napenda tuzungumze juu ya jengo jingine, ambalo hapigwi picha mgeni mbele yake kwa sababu halipo tena. Ni shule ya chumba kimoja.

Kanisa la mawe limebaki kwa sababu mawe hayaozi. Shule za mwanzo katika vitongoji vya Mtae na milima yote ya Usambara zilijengwa kwa miti, fito na udongo, zikaezekwa kwa majani. Jengo la namna hiyo lina umri wake. Mvua za vuli na masika zinapolipiga, mchwa unapoingia, baada ya miaka kadhaa hurudi udongoni lilikotoka. Matokeo yake ni kwamba historia tunayoiona kwa macho ni historia ya walioweza kujenga kwa mawe, na wale waliojenga kwa udongo tumewasahau pamoja na majengo yao. Hoja yangu katika makala haya ni fupi: hao waliosahauliwa ndio waliobeba elimu ya vijijini kwa zaidi ya nusu karne, na kuwasahau kwetu kunatugharimu hata sasa tunapopanga shule za leo.

Kabla ya ubao mweusi

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Tumezoea kusimulia kana kwamba kusoma na kuandika kulipanda milima ya Usambara kwa mara ya kwanza kukiwa kumebebwa begani na Mzungu. Mambo hayakuwa hivyo. Johann Ludwig Krapf alipokwenda kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alikuta ufalme uliokuwa na mahusiano ya siku nyingi na Pwani. Watawala wa Kikilindi walikuwa na waandishi Waswahili wa kuwaandikia barua, na baadhi ya watu wa nyumba ya mfalme walikwisha kuingia katika Uislamu. Baada ya Kimweri kufariki katika miaka ya 1860 na ufalme kugawanyika, mwanawe Semboja aliweka makao yake Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara iliyofuata bonde la Pangani. Huko Kiswahili, nguo za Pwani na elimu ya chuo vilikuwa mambo ya kawaida.

Ni katika mazingira hayo ndipo alipotokea Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa katika misheni ya Magila kuanzia miaka ya 1890. Historia ndefu ya kwanza ya watu wa Usambara, kwa hiyo, iliandikwa kwa Kiswahili, na mkono ulioiandika haukufundwa na shule ya misheni.

Chuo cha Kurani chenyewe kilikuwa shule ya chumba kimoja, au pengine shule ya baraza moja. Mwalimu alikuwa mmoja. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa akianza alifu aliketi mkeka mmoja na kijana aliyekwisha kufika juzuu za mbele. Kila mmoja alisoma kwa mwendo wake, na mkubwa alimsikiliza mdogo. Nalitaja hili mapema kwa sababu utaratibu huu wa mwalimu mmoja, chumba kimoja na viwango vingi tumekuja kuuona baadaye kama alama ya umaskini. Katika asili yake ulikuwa ni mbinu ya kufundisha.

Kituo juu ya mlima, shule bondeni

Mwaka 1891 wamisionari wawili Wajerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo Mlalo, wakakiita Hohenfriedeberg. Walitumwa na chama cha misheni ambacho baadaye kilifungamana na taasisi za Bethel karibu na Bielefeld, na kwa sababu hiyo kikajulikana kama Misheni ya Bethel. Mtae ilifuata mwaka 1893, Vuga mwaka 1895, na Bumbuli mwaka 1899. Tukumbuke pia hali ya siasa ya wakati huo. Wajerumani walikuwa wametoka kuzima vita vya Pwani, na mwaka 1895, mwaka uleule ambao Semboja alifariki, walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Shule ilipanda mlima ikifuatana na dola iliyokuwa inanyonga watawala. Mzazi wa siku hizo aliyesita kumtoa mwanawe hakuwa mjinga. Alikuwa anasoma alama za nyakati.

Alikuwa na sababu nyingine za nyumbani. Mtoto alikuwa mlinzi wa shamba. Mahindi na maharage ya milimani yana maadui wengi, wakiwamo ngedere, nyani na nguruwe mwitu, na kumpeleka mtoto shule wakati wa kuvuna kulikuwa ni kuwaachia wanyama hao chakula cha mwaka mzima. Basi katika miaka ya mwanzo shule ilikuwa ni kitu cha misheni, na waliosoma walikuwa wachache waliokaa jirani na kituo.

Mambo yalibadilika katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mashamba ya walowezi yaliongezeka, kodi ikadaiwa kwa fedha, na wilaya ikaendeshwa kutoka Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Serikali ilikuwa tayari na shule yake Tanga, iliyofundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani, na ambako gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa mwaka 1904. Mtu aliyejua kusoma aliweza kuikagua risiti ya kodi yake, kuandika barua kwa ndugu aliyekwenda mashambani, na pengine kupata kazi isiyohitaji jembe. Vijiji vilianza kudai shule. Hapo wamisionari wakajikuta na tatizo la hesabu: wao walikuwa wachache mno, na vitongoji vya Usambara vimetawanyika juu ya migongo ya milima, kila kimoja kikitenganishwa na kingine na bonde ambalo kulivuka ni kazi ya asubuhi nzima.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa mwalimu wa kijiji. Kijana aliyesoma miaka michache kituoni alirudishwa bondeni na kitabu cha kusomea, kitabu cha nyimbo, chaki na vibao vichache vya kuandikia. Kijiji kilijenga chumba kwa msaragambo, wanaume wakakata miti, wanawake wakachota maji na kukandika udongo. Viti vilikuwa magogo. Siku za juma chumba kilikuwa shule, Jumapili kilikuwa kanisa, na mtu yuleyule aliyefundisha herufi ndiye aliyeongoza sala. Ndiyo maana hadi leo katika sehemu nyingi za Usambara neno mwalimu lina maana mbili, na mzee akikwambia kwamba babu yake alikuwa mwalimu, huna budi kuuliza kama anakusudia wa shule au wa kanisa. Mara nyingi jibu ni kwamba alikuwa vyote viwili.

Ndani ya chumba hicho lugha ilikuwa Kishambaa. Misheni ilikitungia Kishambaa tahajia, ikachapa vitabu vya shule na sehemu za Biblia, na mmoja wa watu wake, Karl Roehl, akatoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Baadaye Roehl huyohuyo akageukia Kiswahili na kutafsiri Biblia nzima, iliyotoka mwaka 1937. Mtoto wa Mtae alijifunza kusoma kwa lugha aliyonyonya nayo maziwa, kisha akajifunza Kiswahili kwa ajili ya serikali na soko. Sisi tunaobishana leo juu ya lugha ya kufundishia tungefaidika kujua kwamba mjadala huo ulikwisha kutembea katika vumbi la vyumba hivyo.

Tazama sasa ukubwa wa jambo lenyewe. Ilipofika mwaka 1914, shule za serikali katika koloni zima la Kijerumani zilikuwa karibu 100, na wanafunzi kama 6,000. Shule za misheni zilizidi 1,800, na wanafunzi wake walizidi 150,000. Hesabu hizo huandikwa vitabuni kama sifa ya misheni. Lakini haiwezekani kabisa kwamba wamisionari mia chache walisimama mbele ya watoto 150,000. Nyuma ya tarakimu hiyo wapo maelfu ya walimu Waafrika, na sehemu kubwa ya shule hizo zilikuwa vyumba vya aina ya hiki ninachokieleza.

Mtihani wa vita

Historia mara chache hutupatia jaribio safi kama la maabara. Kwa shule ya chumba kimoja ilitupatia, tena mara mbili.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Usambara. Wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wameondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka kadhaa, kwa hiyo, wale tunaoambiwa kwamba ndio walioijenga elimu ya milimani hawakuwapo. Fedha kutoka Bielefeld hazikuja, wala vitabu, wala chaki. Kama shule zingekuwa mali yao kweli, zingetoweka pamoja nao.

Nyingine zilififia, na hatuna haja ya kulificha hilo. Vita ilikuwa na njaa yake na maradhi yake, na mwaka 1918 homa kuu ya mafua ilikuja kuua waliosalimika na risasi. Hata hivyo kazi ya ibada na mafundisho haikukatika. Ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kishambaa, waliokuwa wakilima mashamba yao asubuhi na kufundisha baadaye, wakilipwa kwa debe la mahindi au wasilipwe kabisa. Wajerumani waliporudi walikuta ushirika unaojiendesha, wenye viongozi waliokwisha kuzoea kuamua mambo bila kuuliza. Mwaka 1939 vita ya pili ilipoanza, Wajerumani wakakamatwa upya, na mzigo ukarudi palepale. Safari hii Walutheri wa Marekani walisaidia kusimamia misheni zilizoachwa, lakini mwalimu wa bondeni alikuwa ni yuleyule.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa hoja. Tunaposema kwamba misheni ilijenga elimu ya Usambara, tunasema kweli nusu. Misheni ilileta kitabu na mtaala. Jengo, chakula cha mwalimu, ujasiri wa kuendelea wakati wenye fedha hawapo, hivyo vilitoka kijijini.

Shule za vichakani

Waingereza walikuja na jicho jingine. Tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa pamoja na Mghana mashuhuri James Aggrey, ilipita Tanganyika mwaka 1924 na kusisitiza elimu inayofanana na maisha ya kijiji. Mwaka 1925 serikali ya Gavana Donald Cameron iliwaita wamisionari Dar es Salaam kuzungumzia ushirikiano, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku. Shule iliyotimiza masharti ya walimu wenye vyeti, mtaala uliokubaliwa na ukaguzi wa mara kwa mara ilipata fedha za serikali. Shule isiyotimiza haikupata kitu. Hizo za pili Waingereza waliziita shule za vichakani.

Sipingi vyeti wala ukaguzi. Mimi mwenyewe nakula kwa vyeti. Napenda tu tuone kile ambacho jina lile lilifanya. Chumba ambacho hadi jana kilikuwa shule kikawa sasa ni kitu kisicho shule kamili. Mwalimu aliyeshika jahazi wakati wa vita akawa mtu asiye na sifa. Misheni nazo, zikiitamani ruzuku, zilielekeza nguvu kwenye shule chache kubwa za vituoni, na za mabondeni zikaachwa zijitegemee. Kwa mara ya kwanza ukubwa wa jengo na karatasi ya mwalimu vikawa ndio kipimo cha elimu, na mchango wa kijiji ukakosa safu ya kuandikwa katika fomu ya mkaguzi.

Wala nisikipambe chumba kile kupita kiasi. Kilikuwa na makosa yake. Kukariri kulikuwa kwingi na fimbo ilikuwa karibu. Mlango wa elimu ulikuwa pia mlango wa ubatizo, na familia nyingi za Kiislamu, ambazo katika Usambara si chache, zilijikuta zikichagua kati ya dini ya mtoto na kalamu yake. Jeraha hilo halijapona lote hadi leo. Wasichana walikuja wachache na kuondolewa mapema. Na kwa aliyebahatika kumaliza, njia ilikatika kama nchi inavyokatika pale Mtae: baada ya darasa la nne ulikuwapo mtihani, na waliopata nafasi katika shule za kati walikuwa wachache mno.

Lakini miaka michache ile ilitosha kuleta jambo ambalo wakoloni hawakulitarajia. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra wa Usambara, ameeleza jinsi Washambaa walivyojadili siasa kwa maneno mawili ya kale: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi ikapona, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mizani hiyo. Baada ya vita ya pili serikali ilipolazimisha kilimo cha matuta katika milima kwa hoja ya kuzuia mmomonyoko, na wakulima wakaona mgongo unauma na mavuno hayaongezeki, walihukumu kwamba nchi inaharibiwa. Miongoni mwa waliotoa sauti kwa hukumu hiyo, wakaandika barua, wakaitisha mikutano na baadaye wakaingia TANU, walikuwamo watu waliopata kalamu yao katika vyumba vya udongo. Mpango wa matuta ulikufa mwaka 1957. Shule iliyoitwa ya kichakani ilikuwa imetoa raia.

Uhuru na mwenye shule

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, na hatua hiyo ilitekelezwa mwaka 1970. Kwa mtoto wa Kiislamu wa Usambara huo ulikuwa ukombozi wa kweli, maana mlango wa darasa sasa haukuwa na sharti la imani. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamuru kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto awe shuleni. Uandikishaji nchini uliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka michache, na makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini vijijini.

Tumezoea kuwacheka walimu wale wa UPE. Mimi siwacheki. Ukiwatazama vizuri utawaona ni warithi wa yule kijana wa misheni aliyerudishwa bondeni na kitabu kimoja. Taifa maskini lilipotaka kusomesha watoto wote, lilirudi kwenye njia ileile iliyokwisha kufanya kazi: kijana wa kijijini, mafunzo mafupi, jengo la nguvu za wananchi.

Nami ni zao la utaratibu huo. Darasa la kwanza na la pili nilisoma katika shule ya kijijini kwetu, ndani ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la magunia. Mwalimu alikuwa mmoja kwa pande zote mbili. Alipokuwa upande wa pili akiwafundisha wakubwa kuzidisha, sisi tulipaswa kunakili herufi, lakini masikio yetu yalikuwa ng'ambo ya magunia. Nilipopanda darasa la pili nikagundua kwamba najua nusu ya masomo. Yule mwalimu hakuwahi kupandishwa cheo kwa miaka mingi, na nyumba aliyoahidiwa haikujengwa. Nimesoma vyuo vitatu baada ya hapo, na bado sijui mwalimu aliyenipa zaidi yake.

Hata hivyo katika mafanikio hayo kuna kitu kilichoponyoka. Shule ilipokuwa ya serikali kabisa, kijiji kilianza kuitazama kama mali ya mwingine. Bati likivuja, tunaisubiri halmashauri. Mwalimu akikosa nyumba, tunaisubiri wizara. Na serikali kwa upande wake ilizoea kuwageukia wananchi wakati wa kuchangia tu, bila kuwauliza wakati wa kuamua. Mzee wa mwaka 1920 aliyembebea mwalimu mahindi alikuwa pia na sauti katika kikao. Mjukuu wake alitozwa mchango, na sauti hakupewa.

Chumba kimekaa palepale

Turudi sasa kwenye siku zetu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mpango wa MMEM ukaleta madarasa mapya nchini kote. Tangu Januari 2016 tunayo elimu bila malipo. Mwaka 2021, kutoka katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, serikali ilipanga kujenga madarasa 15,000. Kati ya hayo, 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 yalikuwa ya shule shikizi.

Nakuomba, msomaji, usiipite haraka tarakimu ya mwisho. Shule shikizi ni shule ndogo inayofunguliwa karibu na makazi kwa ajili ya watoto wa awali na madarasa ya chini ambao hawawezi kutembea hadi shule mama. Mara nyingi ina chumba kimoja au viwili, na walimu wachache wanaogawana madarasa, baadhi yao wakiwa ni wa kujitolea wanaolipwa na wazazi. Kwa maneno mengine, baada ya miaka 130 tangu Mlalo, chumba kimoja bado kipo. Kipo kwa sababu mabonde bado yapo. Mtoto wa miaka sita anayekaa chini ya ukingo wa Mtae hawezi kupandishwa mlimani kila alfajiri kwenye ukungu na utelezi wa masika kwa sababu tu ramani ya ofisini inaonyesha kwamba shule iko kilometa chache. Ofisini kilometa ni umbali; milimani kilometa ni mwinuko.

Kosa letu ni kwamba tunaiona shule shikizi kama aibu ya muda, kitu cha kuvumiliwa hadi tutakapopata shule kamili. Kwa sababu ni ya muda, hatuiandalii mwalimu. Vyuo vyetu vya ualimu humwandaa mtu kusimama mbele ya darasa moja la umri mmoja, kisha tunampeleka mahali ambapo ana madarasa matatu ndani ya kuta nne, na akishindwa tunasema shule za vijijini ni mbovu.

Nchi nyingine hazikufikiri hivyo. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na shule za chumba kimoja zipatazo laki mbili, na taifa lile halikuona haya kulea watoto wake humo. Colombia ilianza katikati ya miaka ya 1970 mfumo ulioitwa Escuela Nueva, ambamo mwalimu mmoja wa kijijini hufundisha viwango kadhaa kwa vitabu vilivyotungwa ili mtoto ajiongoze na mkubwa amsaidie mdogo, na nchi nyingi zikaja kujifunza. Ukisoma maelezo ya mfumo huo unaona mkeka wa chuo cha Kurani na magogo ya mwalimu wa misheni. Sisi tulikuwa na mbinu hiyo, tukaiita ya kichakani, tukaitupa, na sasa tunahudhuria warsha za kuifundishwa upya.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kwanza, kila anayesomea ualimu wa shule za msingi afundishwe jinsi ya kuendesha madarasa kadhaa kwa pamoja, na alipwe posho ya mazingira anapopangiwa huko. Pili, vitabu vya madarasa ya chini vitungwe kwa kumfikiria mtoto ambaye mwalimu wake yuko upande wa pili wa chumba. Tatu, kamati ya shule shikizi iwe na mamlaka halisi juu ya fedha na ratiba, pamoja na haki ya kusogeza likizo ifuate mavuno. Wazee wetu walikwisha kuyafanya hayo bila waraka.

Nne, na hili ni letu sisi wanahistoria, tuwatafute walimu wale. Nyaraka za Misheni ya Bethel leo zimehifadhiwa Wuppertal, Ujerumani, na zinaeleza mengi, lakini ziliandikwa ili kusomwa na wafadhili. Kumbukumbu ya mwalimu wa bondeni, kama ipo, iko katika sanduku la bati chini ya kitanda cha mjukuu: daftari la mahudhurio, cheti cha ubatizo, kibao kilichovunjika pembe, picha moja iliyofifia. Mchwa uliolila jengo haujaacha kula. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hiyo, uwe wa Mtae, wa Mlola, wa Bumbuli au wa kijiji chochote cha nchi hii, litoe, lifute vumbi, uyaandike majina mahali pengine kabla hayajatoweka.

Mizani ya Washambaa bado ni nzuri. Tujiulize kwa kila sera ya elimu tunayoitunga: hii inaizifya nchi, au inaibana? Mwalimu wa chumba kimoja hakuwa na ofisi ya kuuliza swali hilo. Alikuwa na watoto arobaini, chaki moja, na paa linalovuja, na akalijibu kila asubuhi kwa kufungua mlango.